Programu ya kutafsiri kwenye simu: nimezunguka nayo Mtwara siku nne na wazungu wawili, naipa nyota 3

Wadau kwema? Mi naendesha bajaji hapa Mtwara mjini, sio mtu wa kompyuta, kwa hiyo msitegemee niwaambie programu ina ukubwa gani au imetengenezwaje, nitasema tu ilivyotutenda. Mwezi uliopita nilipata abiria wa kunikodi siku nne, babu na bibi kutoka Uingereza, miaka yao sabini na kitu hivi. Kiswahili chao jambo na asante, basi. Kiingereza changu mimi ni kile cha fomu foo, ukiniuliza jina najibu, swali la pili naanza kukuna kisogo. Bibi akatoa simu, akaisemesha, simu ikaniambia kwa sauti ya kike ya mtangazaji wa taarifa ya habari, "Usiwe na wasiwasi, tutawasiliana kupitia kifaa hiki." Ni ile ya kuongea, kuandika, au kupiga picha maandishi inakutafsiria. Jina lake silitaji, sitaki kesi, na nilizoziona zote ni mapacha tu.

Kilichoniumiza kwanza ni saa. Jioni ya siku ya kwanza nimewashusha lodge kule Shangani, bibi akaandika akanionyesha: "Tafadhali tuchukue saa 9 asubuhi." Nikasoma mara mbili. Saa tisa asubuhi ndo ipi hiyo? Kwetu saa tisa ni ya alasiri au ya usiku, sasa ikishatajwa asubuhi nikaona labda ni ile inayoelekea alfajiri, na wazungu nawajua wanapenda kwenda ufukweni kuangalia jua linachomoza, nikasema isiwe tabu, hela ni hela. Saa tisa usiku niko getini. Mlinzi akanimulika tochi usoni, unamtaka nani, nikasema nimemfata babu wa kizungu, akaniuliza babu gani wa kutembea saa hizi, na rungu kalishika vizuri. Nimegombana nae mpaka akachoka, mbu nao wananila upande mmoja. Walitoka saa tatu asubuhi wameshaoga wameshakunywa chai, wakanikuta nimelala siti ya nyuma miguu iko nje.

Kumbe wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza jua likitoka, tofauti ni masaa sita, kitu ambacho mtoto wa darasa la pili anakijua, lakini programu yenyewe inaiokota 9 ya Kiingereza inaibandika 9 ya Kiswahili hivyo hivyo. Hili suluhisho lake nililipata mwenyewe, babu alikuwa amevaa saa ya mishale, nikamwonyesha kwa kidole kwamba mshale mfupi ukiwa kwenye 9 sisi tunasoma namba ya ng'ambo yake, 3, ukiwa kwenye 12 tunasoma 6. Babu alicheka sana, akaanza kuniulizia saa kila baada ya dakika kumi ili tu apate kusoma ng'ambo. Sasa jamani kitu ambacho nimekielezea kwa kidole bila neno hata moja, programu ya watu wenye degree inashindwa nini?

Tukaenda soko la samaki pale feri, bibi anataka pweza. Akamsogelea mama mmoja muuza samaki, akainua simu, simu ikasema kwa nguvu, "Samaki huyu ni bei gani?" Kiswahili safi kabisa, sina la kusema. Mama kimya. Anapanga samaki zake. Bibi akabonyeza tena, simu ikarudia kwa sauti ile ile. Mama akainua uso, "Nyie hata salamu hamna?" Sijui simu ilisikia nini maana bibi aliposoma alitikisa kichwa akajibu kwa upole, "Hapana." Soko zima likacheka. Nikamwambia mama, shikamoo mama, hawa wageni wangu, hawajui, akasema marahaba mwanangu, nimeona, waambie mimi sio mashine. Nikamfundisha babu shikamoo palepale, nikasahau kumwambia anapewa nani, babu wa miaka sabini na kitu akamgeukia binti anayeparua samaki, wa kama miaka kumi na nane, akampa shikamoo ya heshima zote. Binti akaziba uso na kanga, "Jamani babu mbona wanizeesha!" Programu nayo shikamoo inatafsiri kama salamu ya kawaida tu, mdogo kwa mkubwa haisemi, na neno hilo ukilielekeza kubaya ni bora ungenyamaza.

Bei sasa. Mama kalainika, anasema, "Mpeni huyo kwa buku nane," yaani elfu nane. Simu ikaandika vitabu vinane. Nawaapia. Bibi akaanza kupekua begi, akatoa kitabu kimoja cha kusoma kwenye ndege, anakiangalia, anamwangalia mama, anataka kuelewa kama biashara ya huku ni ya kubadilishana au vipi. Buku haijui, jero haijui, msimbazi haijui, yaani hela yote tunayoiita kwa majina ya mtaani kwake ni giza. Na hapa ndo tatizo lake kubwa ninaloliona, bibi akiongea Kiingereza kuja Kiswahili inakaza vizuri tu, ila sisi tukijibu inapotea, kwa sababu sisi hatuongei kama kitabu. Mtu anakwambia "samaki hamna" akimaanisha zimeisha, yenyewe inamwambia mgeni kwamba nyinyi hamna samaki. Mi mwenyewe nilisema "nakuja" nikaondoka kwenda kutia mafuta, nikawaacha wanashangaa mtu anasema anakuja huku anawapa mgongo.

Mikindani. Ni kama kilomita kumi toka mjini, babu alitaka kuona boma la Wajerumani la 1895, siku hizi ni hoteli, na nyumba wanayosema alikaa Livingstone alipopita 1866 kabla ya kwenda bara. Hapo simu ilipumzika maana maandishi yenyewe ni ya Kiingereza. Nikawaza tu, Livingstone na yeye alikuwa mgeni huku, ila alitembea na kina Chuma na Susi, wasaidizi wake Waafrika, programu yake ilikuwa na miguu. Halafu tukaenda kula kwa mama ntilie mmoja, menyu iko kwenye ubao kwa chaki. Bibi akapiga picha ubao. Wali, sawa. Supu ya pweza, sawa. Ikafika "kamba wa nazi" na ikamwambia ni kamba, ile ya katani ya kufungia mbuzi, imepikwa kwa nazi. Nilijuaje? Bibi alinionyesha kwa mikono, anavuta kamba, anafunga fundo, anaweka mdomoni, uso umejaa huruma. Sasa mtoto wa Kiswahili hapo hapotei, kamba ya na kamba wa ni vitu viwili, ile "wa" peke yake imeshakwambia huyu ana roho, anaogelea. Yenyewe haioni. Nikaenda jikoni nikamchukua mmoja mbichi na masharubu yake nikamwekea mezani. Wakaagiza sahani mbili mbili, na wa mama yule ni watamu sidanganyi, tui zito, pilipili kidogo, ndimu pembeni.

Ila kilichonifanya niandike haya yote ni kitu kingine. Bibi alinieleza (kwa simu, na hapa ilieleza vizuri) kwamba baba yake alifanya kazi kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea baada ya vita, ule ulioanza 1947 ukafa 1951, walileta mpaka matrekta ya kung'olea miti yaliyotokana na vifaru vya vita. Anataka kuona reli iliyokuwa inashuka bandarini. Reli yenyewe haipo, iling'olewa zamani, sisi wengine tumezaliwa tunaiskia tu. Nikampeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, ana miaka themanini na ushee, alikuwa mtoto gari moshi likipita. Mzee akakaa kwenye mkeka, bibi kaletewa kiti, simu katikati yao juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Mzee anaongea taratibu, anachanganya na Kimakonde, anasimama kutafuna ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha huku kwetu, anaendelea. Programu ikisikia kimya cha sekunde mbili inadhani kamaliza, inadakia kutafsiri, mzee anakatizwa, anaiangalia ndoo, "Huyu mwanamke mbona ana haraka?" Akaanza upya. Akasema, "Baba yangu alikuwa manamba kwenye mkonge kule Lindi, halafu akaskia Nachingwea wanachukua watu." Kwenye kioo neno manamba likabaki vilevile, manamba, na bibi akaniuliza hilo ni kabila? Ndo nikabaki nimeduwaa, maana hilo neno ni la kwao! Ni namba, walikuwa wanawapa watu namba badala ya majina, sisi tukalichukua tukaliongezea ma. Mwingereza anaulizia neno la Kiingereza na simu ya Kiingereza haimwambii. Nikachukua kijiti nikaandika chini 1, 2, 3, nikamwonyesha kifuani kwa mzee. Bibi alielewa. Alikaa kimya muda mrefu kidogo, simu nayo kwa kimya kile ikajizima kioo, hakuna aliyeiwasha, mzee akamsogezea sahani ya ming'oko, akamwonyesha unamenya hivi.

Nyota ya tatu imetoka wapi basi? Duka la dawa. Siku ya mwisho babu tumbo lilimkamata (sio kamba wa Mikindani, msianze) na Kiingereza changu hakina maneno ya tumbo. Bibi akaandika kila kitu, ameharisha mara ngapi, hana homa, ana mzio wa penisilini. Dada wa dukani alisoma, mzio akasoma mara mbili, akasema aah aleji, akampa dawa na maji ya chumvi yale ya pakiti, mambo yakaisha. Pale ningetafsiri mimi kwa kidole na kijiti sijui ningemuua. Kwa sentensi kamili, zilizoandikwa, kuhusu kitu kisicho na utani ndani yake, ipo vizuri na sitoinyima haki yake.

Vingine vidogo: bando inakula, kwa hiyo mgeni apakue lugha kabla hajatoka mjini, njiani kwenda Msimbati mtandao ulikuwa unakuja na kukata, na ile ya bila mtandao uelewa wake unashuka kabisa. Juani simu ilichemka ikagoma mara mbili. Na kwa madereva wenzangu, msikubali miadi ya saa kwa maandishi ya simu, ombeni waonyeshe kwenye saa ya mishale.

Walipanda ndege kurudi Dar wakaenda zao. Kesho yake nikapata meseji, imetafsiriwa, inasema, "Tumefika nyumbani salama saa 4 asubuhi, tutakukosa sana, kamba walikuwa wazuri." Nimeisoma sana hiyo meseji na mpaka leo sijajua ni saa nne ya kwao au ya kwetu.