RTX 3060 ya okazyo na matabishi yaliyoungua

Nianze na harufu. Plastiki ikiungua ndani ya kompyuta hainuki kama makala. Mwanzo ni tamu-tamu, halafu inakukaba koo. Ndivyo mashine yangu ilivyonuka katikati ya kurenda (kutoa faili la mwisho la) video ya ndoa: skrini ikawa nyeusi tii, ventilateri za RTX 3060, kadi ya grafiki niliyonunua okazyo, yaani iliyotumika, zikapiga kelele kama zinataka kuruka.

Kilichoungua si kadi. Ni adapta ambayo muuzaji aliitia kwenye mfuko akitabasamu: "Hii ni matabishi, papa." Nyongeza ya bure, anasema. Matabishi gani hayo ya kumchomea mtu nyumba!

Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza. RTX 3060 ya gigabaiti 12 inakula wati 170. Tundu la ubao mama linatoa 75 kwa kikomo. Zinazobaki, karibu 100, lazima zipite kwenye fishi (plagi) ya pini nane, ambayo imeundwa kubeba 150. Sasa, hapa Lubumbashi tunanunua sana mashine za ofisi zilizotumika Ulaya, na alimentasyo za mashine hizo, yaani visanduku vya kuzigawia umeme, mara nyingi hazina fishi hiyo hata moja. Muuzaji anajua. Ndiyo maana ana adapta: upande huu pini nane, upande ule vichwa viwili vya SATA, vile vya kulishia diski.

Kichwa kimoja cha SATA kimeruhusiwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Viwili, 108. Kwenye karatasi inatosha. Ndani ya kasha, haitoshi. Kadi haili umeme kwa utulivu, inaruka juu na kushuka kila mara, na vichwa viwili hivyo karibu siku zote vinachomekwa kwenye kamba moja, kwa hiyo waya mmoja wa njano unabeba mzigo wote. Pini za SATA ni nyembamba. Moja ikilegea, inapata moto, plastiki inalainika, njano inaisogelea nyeusi. Mchezo wa mpira wa nusu saa utapita salama. Kurenda 4K dakika arobaini bila kupumzika, hapana.

Nikairudisha adapta dukani, kichwa kimoja kimekuwa na rangi ya sukari iliyoungua. Muuzaji hakuishika hata kwa vidole viwili. "Papa, ule ni umeme wa kwenu. Ni delestaji." Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu! Umeme ukiruka unaanza na alimentasyo, hauipiti kimya-kimya ukaenda kuyeyusha pini moja na kuacha mengine yote mazima. Nikamwomba basi tuiweke kadi kwenye mashine yake, tuipime robo saa mbele ya macho yetu. Akajibu kwa sauti, wateja wasikie: "Kadi si andazi, papa, haionjwi." Wakacheka. Dola 260 nimemwachia yule mtu, na bado akapata na kichekesho.

Inaonjwa. Na inaonjwa hivi. Fungua GPU-Z, programu inayosoma sifa za kadi: 3060 ya kweli ya gigabaiti 12 ina kore 3584 na basi (njia ya memori) ya biti 192. Ukiona 128 na gigabaiti 8, hiyo ni ndugu yake mdogo, jina lile lile, bei isiwe ile ile. Programu ikiandika FAKE mbele ya jina, funga mkoba uende. Kisha FurMark, programu ya kuichosha kadi, dakika kumi na tano, jicho kwenye joto la kadi na lile la "hot spot", sehemu yake yenye moto zaidi. Pengo likizidi nyuzi 25 hivi, pasta ya kupitishia joto imekauka, na hilo unalikuta sana kwenye kadi zilizochimba Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, usiku na mchana hadi uchimbaji wake ulipokwisha Septemba 2022. Pasta ni kitu cha kubadilisha tu, omba wapunguze bei. Lakini vinukta vya rangi au mistari vikitokea kwenye skrini, memori inakufa. Usibishane, ondoka.

Nilitaka kuandika msiinunue. Hasira zimepungua kidogo, na haki itendeke: kadi sina neno nayo. Nimeweka alimentasyo ya wati 550 yenye kamba yake ya pini nane, na inafanya kazi. Zile gigabaiti 12 ndizo sababu. Kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, weka klipu za 4K, ongeza kuondoa chenga na tabaka mbili tatu za rangi, utaona kadi ya gigabaiti 8 inavyokutupia ujumbe kwamba memori ya GPU imejaa. Ile 3060 inaendelea. Michezo kwenye skrini ya 1080p haina shida.

Kitu kimoja wasichokwambia: kama kamera yako inarekodi 4:2:2 ya biti 10 (namna ya kuhifadhi rangi kwa undani zaidi), hii 3060 haiwezi kuifungua kwa vifaa vyake, wala familia ya 40 iliyofuata. NVIDIA wameleta hilo kwenye familia ya 50 tu, mwaka 2025. Montaji, yaani kuhariri, itakwamakwama, utasema umeibiwa, kumbe sivyo. Tengeneza proksi, nakala nyepesi za klipu, kwanza. Au uwe na prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 kwenda juu yenye grafiki yake ya ndani, hiyo inaifungua video ya namna hiyo iliyobanwa kwa H.265.

Basi, inunue. Ila subiri: anayefanya montaji kwa groupe (jenereta), mafuta yakiwa ya kununua, aifikirie RTX 4060. Inakula wati 115 tu, na tofauti hiyo utaiona kwenye bidoni. Memori yake ni 8, ndiyo kasoro. Kwa klipu za 1080p na michezo ningeichukua hiyo bila kugeuka nyuma. Kwa ndoa za 4K nabaki na yangu. Leo. Kesho sijui, maana kila nikiwasha mashine bado nanusa kwanza.

Majuzi nimepita pale dukani. Zile adapta zinaning'inia kwenye msumari juu ya kaunta, mpya, ndani ya plastiki zake.