Haiku Beta 5: kuanza na kuchangia kwa laptopu ya mtumba

Hamjambo nyote, karibuni. Hii laptopu mnayoiona mezani ni ya mtumba, zile za ex-UK zinazouzwa kule Luthuli, Nairobi, na inaendesha Haiku, toleo la Beta 5 lililotoka Septemba 2024. Haiku ni mfumo wa kuendesha kompyuta, lakini si Windows wala Linux. Ilianza 2001 kwa jina la OpenBeOS, kampuni ya Be, iliyotengeneza mfumo wa BeOS, iliponunuliwa na Palm, na walioipenda BeOS wakaona heri waiandike upya wenyewe kuliko kuiacha ife. Jina Haiku likaja 2004. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Nisiwafiche: kwa kazi za kila siku, usiache mfumo ulio nao. Kivinjari chake, WebPositive, kinahangaika na tovuti nzito. Lakini kama unataka kujua mfumo unavyotengenezwa, na uchangie kitu kitakachoonekana, mimi sijaona pazuri kama hapa.

Pakua faili ya anyboot, yaani ile yenye mfumo mzima wa kuwashia mashine, ukiwa kwenye waifai ya maana, bando lisikuishie njiani. Iandike kwenye flashi ya GB 4 ukitumia programu ya Etcher, zima Secure Boot (kinga inayozuia mashine kuwasha mfumo isioutambua) kwenye mipangilio ya mashine, kisha washa mashine kwa flashi hiyo. Tazameni, vialama vinawaka kimoja baada ya kingine, halafu unaulizwa lugha na kibodi. Chagua kujaribu kwanza, usisakinishe. Diski yako haitaguswa. RAM ya chini kabisa ni MB 384, kwa hivyo hata ile mashine iliyolala kabatini ijaribuni. Skrini ikibaki nyeusi, washa upya ukishikilia Shift, au Space kwa mashine mpya zinazowaka kwa UEFI, uchague draiva salama ya picha.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Nashikilia kitufe cha Windows, naburuta dirisha hili kwa kichwa chake cha manjano, nalileta juu ya kichwa cha lile lingine. Yameshikana! Nikisogeza moja, yanakwenda yote mawili, kama kurasa za daftari moja.

Tuje kwenye kuchangia. Wengi hudhani lazima uwe gwiji wa C++, lugha ya programu iliyoandikiwa Haiku. Hapana jameni! Waifai imekataa kushika? Sauti haitoki? Watengenezaji wanataka kujua, maana hawawezi kuwa na kila laptopu iliyoko duniani, na wewe yako unayo. Nenda dev.haiku-os.org, tafuta kama tatizo limeshaandikwa, kisha ufungue tiketi, yaani ripoti ya tatizo. Weka modeli ya laptopu, namba ya toleo, faili ya /var/log/syslog (kumbukumbu ya mfumo), na majibu ya amri ya listdev, inayoorodhesha vifaa vya mashine. Usiandike tu "haifanyi kazi". Eleza ulibonyeza nini, ulitarajia nini, ukaona nini.

Tafsiri hufanyiwa i18n.haiku-os.org. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishaonyesha njia mwaka 2004 kwa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa hivyo Kiswahili kwenye kompyuta kinawezekana kabisa. Wenye C++ waanze na tiketi zilizowekewa alama ya "easy". Kazi yako itapitiwa kwenye Gerrit, tovuti ya kukagua msimbo, na ikirudishwa urekebishe, rekebisha uitume tena.

Na ukishafungua tiketi, usiitoroke. Huenda ukaombwa ujaribu toleo la nightly, lile jipya la majaribio linalotoka mara kwa mara, kuona kama hitilafu ingalipo, kwa hivyo weka flashi ya pili karibu.