Nilidhani ni wimbo wa gari: uzoefu wangu na albamu ya kwanza ya Tracy Chapman

Miaka yote nimekuwa nikiisikia "Fast Car" kwenye daladala nikidhani ni wimbo wa gari. Kiingereza changu ni cha kuombea kazi, na lile gitaa lilinitosha. Juzi kati foleni ya Buguruni ilikuwa imelala kama kawaida yake, nikachomeka hedifoni nikaisikiliza albamu nzima ya Tracy Chapman, mwimbaji wa Marekani, iliyotoka 1988. Nyimbo 11, dakika 36 hivi. Nilishuka Karume zimebaki mbili, nikasimama kituoni nizimalize.

Kumbe gari ni kisingizio tu. Binti ameacha shule amtunze baba mlevi baada ya mama kuondoka. Anauza dukani, anadunduliza, anatoroka na mpenzi wake mwenye gari wakatafute maisha. Mwisho wake yeye ndiye analipa bili, bwana yuko baa na washikaji. Amemkimbia mlevi mmoja akaangukia kwa mwingine! Gitaa nalo linarudia mlio uleule tangu mwanzo. Tracy hapandishi sauti ili umwonee huruma, anasimulia kama jirani anavyokusimulia mkichambua mchele.

Ulionimaliza ni wa nne, "Behind the Wall". Hauna ala hata moja, ni sauti peke yake. Anayeimba yuko kitandani, anasikia mwanamke akipiga mayowe upande wa pili wa ukuta. Polisi wakija wamechelewa, na wanasema mambo ya mume na mke hawayaingilii. Mimi nimepanga Gongo la Mboto, nyumba ya vyumba sita, kuta hazifiki juu. Usiku wa namna hiyo naujua: nyumba nzima macho, hakuna anayekohoa, na asubuhi tunasalimiana bombani, "umeamkaje", "salama". Dada huyu hajitoi kwenye lawama. Naye amelala palepale, anasikia.

"Baby Can I Hold You" ni wa mtu ambaye "samahani" haimtoki mdomoni. Sisi neno hilo tunalitoa hata kwa abiria tunayetaka atupishe mlangoni, ila ndani ya nyumba linakuwa zito kama gunia la mkaa.

Tracy alikuwa na miaka 24 tu albamu inatoka, mtu aliyetoka kupiga gitaa mitaani huko Boston. Juni mwaka huohuo alipanda jukwaa la uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la miaka 70 ya Mandela, Mzee akiwa bado kifungoni. Vifaa vya mwanamuziki mwenzake Stevie Wonder vilipoleta shida, wakamrudisha yeye jukwaani aimbe tena, na gitaa lake moja. Dunia ikamjua siku hiyo.

Si zote zimenikaa. "She's Got Her Ticket", ule wenye rege, naruka. Na asiyependa nyimbo za taratibu asijisumbue, hapa hakuna cha kuchezea harusini.

Jirani yangu wa chumba cha tatu aliniuliza siku hizi nasikiliza nini hadi nazima taa mapema. Nikampa upande mmoja wa hedifoni, nikamwekea ule wa nne. Yeye Kiingereza hakijui kabisa.

"Mbona hawapigi muziki?"

Nikamwambia ni usiku, nyumba nzima inasikiliza. Akaomba niurudie.