Hifadhi ya Nyaraka za Kesi za Uchawi za Salem: Maoni ya Mwalimu wa Maigizo

Kwa muhula mzima nimeitumia hifadhi ya mtandaoni ya nyaraka za kesi za uchawi za Salem, yaani kesi za mwaka 1692 za watu walioshtakiwa kwa uchawi huko Massachusetts, wakati huo koloni la Waingereza katika Amerika. Hifadhi hiyo iliandaliwa katika Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani, nami niliitumia wakati wanafunzi wangu wa sekondari wakiitohoa tamthilia ya Arthur Miller ya mwaka 1953 inayohusu kesi hizo. Hifadhi haitozi ada, na ndani yake mna maandishi ya mahakama yaliyopigwa chapa, picha za hati zenyewe na ramani.

Nyaraka zimepangwa kwa majina ya washtakiwa, mpangilio unaomfaa sana mwigizaji, kwa kuwa kila mwanafunzi aliweza kupewa jalada la mhusika wake na kulisoma kabla ya mazoezi. Jalada la Sarah Good ndilo lililotugusa zaidi. Tarehe 1 Machi 1692 hakimu John Hathorne anamuuliza ana uhusiano na pepo gani mwovu, naye anajibu kwamba hana. Anapoulizwa kwa nini anawadhuru watoto, anasema hawadhuru, na kwamba jambo lenyewe analidharau. Binti aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa akiyatoa majibu hayo kwa kilio na makelele. Alipokwisha kuisoma hati alishusha sauti, akajibu kwa ufupi huku amemkazia macho hakimu, na chumba kizima kikanyamaza.

Hati hizi pia zilisahihisha mengi tuliyoyachukulia kuwa kweli. Wanafunzi walidhani washtakiwa walichomwa moto, kumbe watu 19 walinyongwa, na Giles Corey, aliyekataa kukubali kuhukumiwa na mahakama ile, alikandamizwa kwa mawe mazito hadi akafa. Abigail Williams, mmoja wa wasichana waliowatuhumu watu kwa uchawi, ambaye katika tamthilia ana miaka 17, alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, na John Proctor, mshtakiwa ambaye ndiye mhusika mkuu wa tamthilia, alikuwa mzee wa takriban miaka 60. Tulibishana siku mbili kuhusu umri huo, tukaamua kumrudishia Abigail utoto wake, na kwa maoni yangu onyesho lilipata uzito mpya pale watu wazima walipoonekana wakimtii mtoto.

Hata hivyo, mwalimu ajiandae. Tahajia ni ya karne ya 17 na inachosha, ingawa kusoma kwa sauti husaidia. Tarehe nazo zinapotosha: mwaka wa Waingereza wakati huo ulianza tarehe 25 Machi, hivyo hati ya mapema Machi inaweza kuonyesha 1691, na kundi langu moja lilihesabu mwaka mzima ambao haukuwapo. Kubwa zaidi ni kwamba kitabu cha kumbukumbu cha mahakama maalumu iliyotoa hukumu kilipotea. Kilichobaki ni mahojiano ya awali, maelezo ya mashahidi, hati za mashtaka na maombi. Anayetafuta mwenendo kamili wa kesi hataupata, na onyesho la hukumu itabidi aliunde mwenyewe.

Sisi hatukuliunda. Mahali pake tuliweka ombi la Mary Easty, aliyenyongwa tarehe 22 Septemba 1692, ambamo anawaambia mahakimu kwamba haombi uhai wake, maana anajua lazima afe, bali anaomba damu ya wasio na hatia isiendelee kumwagika. Tulilifasiri kwa Kiswahili bila kulipunguza, na mwanafunzi mmoja alilisoma akiwa amesimama peke yake jukwaani.