Sanduku la bati la Kamukunji kwa CD na DVD za harusi: uzoefu wangu wa miezi 18

Sanduku lenyewe ni la bati, urefu sentimita 62, upana 33, kimo 17, rangi ya kijivu. Lilitengenezwa Kamukunji, kwa mafundi wa bati wa Nairobi, na fundi ambaye riziki yake ni masanduku ya wanafunzi wa bweni. Nililichukua mwezi wa pili mwaka jana, kwa hiyo limeshapitia masika mawili na vuli moja, na limehamishwa nyumba mara moja. Ndani mna diski 190 za harusi, mazishi na sherehe za kanisa ambazo Baba alizipiga video mitaa ya Eastlands tangu enzi ya kanda za VHS zilipoanza kuachwa. Mwanzo zilikuwa VCD, yaani CD zilizorekodiwa video, baadaye DVD.

Kabla ya hapo zilikaa kwenye mikoba ya zipu, ile ya kurasa za plastiki laini, diski mbilimbili mfukoni. Mwaka juzi mama mmoja wa Buruburu alikuja nyumbani. Mama mkwe wake alikuwa amefariki, na sauti yake haikuwa imebaki popote isipokuwa kwenye harusi yao ya 2004, pale alipowabariki maharusi. Tuliitoa diski mfukoni, na ule upande wa juu ulioandikwa jina ukabaki umeng'ang'ania plastiki. Baba aliiinua kwenye taa, mwanga ukapenya katikati yake kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Hakusema neno. Mama yule alikaa kidogo, akanywa chai, akaenda. Tangu siku hiyo sikutaka mtu mwingine aketi kwenye kiti kile akingoja habari kama ile.

Nilipoanza kuuliza na kusoma ndipo nilipojua kwamba miaka yote tulikuwa tunalinda upande usiofaa. Wengi wetu tunaogopa mikwaruzo ya chini, upande unaong'aa. Lakini CD ina unene wa milimita 1.2, na karibu wote huo ni plastiki angavu ya chini ambayo mwali wa leza hupita ndani yake. Ile tabaka inayoakisi na kubeba data iko juu kabisa, chini ya jina, imefunikwa na vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini mara nyingi husomeka, kwa kuwa CD ina njia yake ya kusahihisha makosa, na hata ukizidi waweza kusuguliwa ukapungua. Ukikwaruza juu umeondoa data yenyewe, na hakuna fundi wa kuirudisha. VCD zetu zote ni CD za kurekodiwa, kwa hiyo zote ziko katika hatari hiyo.

DVD ni tofauti. Hiyo ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa, data ikiwa katikati kama nyama ndani ya sambusa. Upande wa juu hauiumizi sana, ila haipendi kukunjwa. Ukiichomoa kwa nguvu kutoka kwenye meno ya katikati ya kikasha chake mpaka ipinde, gundi inaweza kuachia, au ufa ukaanzia kwenye tundu.

Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi na sharti moja: chochote kisiguse uso wa diski, juu wala chini. Ishikwe tundu na ukingo basi. Kazi hiyo tayari inafanywa na kile kikasha kigumu cha plastiki kilichoanza pamoja na CD zenyewe mwaka 1982. Sikuhitaji kubuni kikasha kipya. Nilihitaji nyumba ya kuvilinda vikasha, kwa sababu udhaifu wao unajulikana: vinatengenezwa kwa polistaireni, plastiki inayovunjika upesi, hasa bawaba zake. Nilichagua vile vyembamba, upana milimita 142, kimo 125, unene kama 5. Nilivipata duka moja la barabara ya Luthuli, katikati ya jiji, kwa shilingi 30 kimoja, na nilijaribu kila kimoja kabla ya kulipa. Meno yakibana mpaka diski ipinde, nilikirudisha. Mwenye duka alichoka nami, lakini alikubali.

Fundi alisikiliza vizuri. Aliuliza, "Dada, hizi ni sahani za muziki?" Nikamwambia ni harusi za watu. Akaweka nyundo chini, akaanza kupima vikasha upya mwenyewe, kwa rula yake. Wazo la kifuniko ni lake, na ndilo ninalolisifu kuliko yote: mdomo wa kifuniko unashuka nje ya sanduku kama kofia, sentimita tatu, ili maji yakidondoka juu yateleze nje yasipate pa kuingilia. Masanduku ya shule mengi hayana mdomo mrefu hivyo.

Tulitofautiana kwenye sponji. Alitaka kutandika ile ya magodoro, kama afanyavyo kwa wateja wanaobeba vyombo. Nilikataa. Sponji ya godoro hunywa unyevu, na ikizeeka hunata na kumeguka unga, na unga huo ungeingia kwenye vikasha. Nilirudi Luthuli nikaomba yale mapande meupe ya povu la polithini yanayokuja ndani ya maboksi ya televisheni. Tulikata kwa kisu, tukayabana kwenye kuta na chini bila gundi, kwa sababu gundi ina mvuke ambao sikuutaka karibu na diski. Kwenye kifuniko tuliweka pande nene zaidi, likifungwa linagusa vichwa vya vikasha kidogo visichezecheze.

Diski zimesimama kama vitabu, safu mbili, na kila baada ya vikasha 20 hivi kuna kigawanyo cha bati kilichokunjwa kingo. Vigawanyo hivi nilidhani ni urembo. Kumbe bila hivyo ukitoa kumi kwa mkupuo zilizobaki zinalala, na diski iliyolala kwa muda mrefu yaweza kujipinda. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003 unasema hivyo hivyo: zisimame, joto liwe kati ya nyuzi 4 na 20, na unyevu wa hewa asilimia 20 hadi 50.

Joto la Nairobi si tatizo kubwa, hasa chumba kisichopigwa na jua la mchana. Unyevu ndio shida yetu. Nilinunua kipimo kidogo cha unyevu. Aprili hii kilisoma 74 chumbani, na ndani ya sanduku 46, sababu ya vifuko vinne vya chembe za silika, za aina ileile unayoikuta kwenye maboksi ya viatu ila kubwa. Zangu ni za rangi ya chungwa, zikishiba maji zinageuka kijani, nami nazikausha kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka rangi irudi. Nimefanya hivyo mara tatu. Sanduku halikai sakafuni. Liko juu ya vipande viwili vya mbao, mbali na ukuta wa nje, maana bati hupoa usiku na jasho huanzia pale linapogusa kitu cha baridi.

Jaribio la kweli lilikuja tulipohama Umoja kwenda Kayole. Mkokoteni uliegemea upande kwenye shimo, sanduku likadondoka kwenye lami kutoka kimo cha kiuno. Moyo ulinishuka. Kona moja ilibonyea. Vikasha 6 vilivunjika bawaba. Diski zote 190 nilizikagua usiku ule kwa taa moja moja, na hakuna hata moja iliyopata alama.

Nina malalamiko matatu. La kwanza ni rangi. Ilinuka wiki tatu nzima, nami sikuthubutu kuweka diski humo mpaka nilipoianika wazi na harufu ikaisha. Agiza ndani kubaki bati tupu la mabati yaliyopakwa zinki. La pili ni vishikio: waya mwembamba uliofungwa kwa ribiti moja kila upande. Sanduku likijaa lina zaidi ya kilo 13, na kishikio kimoja kiling'oka tulipokuwa tunapanda ngazi. La tatu ni kutu, ndogo, kwenye kona ya chini ambapo ribiti ilichubua rangi. Nimeisugua na msasa na kuipaka upya, haijarudi.

Bei yote: sanduku 3,200, vikasha 5,700, silika 600, povu 300. Jumla shilingi 9,800. Wapo watakaosema fedha hizo zingenunua diski kuu ya nje ya kompyuta (hard disk) na mambo yakaisha. Diski kuu ninayo, na kila VCD inayosomeka nimeshainakili humo. Lakini diski kuu nayo ina siku yake ya kuharibika, na nakala moja peke yake hainitoshi kwa kitu ambacho familia ya watu haina pengine.

Jambo moja kwa wenye diski za zamani kama zetu: Baba alibandika karatasi za gundi zenye majina juu ya diski nyingi. Usizibandue. Ukivuta karatasi, tabaka ya data ya CD inaweza kuondoka nayo. Ziache zilivyo, nakili haraka, na diski mpya ziandikie kwa kalamu ya wino wa maji.

Nimeagiza sanduku la pili kwa fundi yuleyule, fupi zaidi, la diski 100 tu ili nilibebe peke yangu, vishikio vya chuma nene vyenye ribiti nne nne, ndani bila rangi. Amesema niende Jumamosi na povu langu. Baba ameomba twende naye, anataka kumwona mtu aliyefikiria kile kifuniko.