Unguja kwa kiti mwendo na mfuko mdogo: tathmini ya boti, gari na gesti

Anayepanga kwenda Unguja na kiti mwendo kwa kawaida huanza kutafuta chumba. Huko ni kuanza mkiani. Chumba kibaya hubadilishwa siku ile ile, lakini gati halibadiliki, na gati ndilo linalomchosha mtu na kumtoa pesa asizozipangia. Kwa hiyo tathmini hii inaanzia baharini, na kitu cha kwanza cha kufungua kabla ya kukata tiketi ni kalenda ya Kiislamu, inayofuata mwezi wa angani.

Boti ziendazo kasi baina ya Dar es Salaam na Malindi, bandari ya Unguja mjini, huchukua kama saa 2. Iwe boti imefungwa kwenye gati la zege au kwenye pantoni (jukwaa linaloelea), lazima kuna daraja la kuunganisha mahali fulani, na mwinamo wa daraja hilo huamuliwa na maji. Siku za bamvu, yaani maji makubwa, maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Siku za maji mafu, yaani maji madogo, tofauti ni kama mita 1 tu. Kwa kukadiria, bamvu huwa tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 za mwezi wa Kiislamu, na maji mafu huwa tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24. Mvuvi yeyote wa Malindi atakwambia hayo bila kuangalia karatasi.

Siku za bamvu maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 jioni. Sasa tazama ratiba. Boti inayong'oa nanga Dar saa 1 asubuhi hufika Malindi karibu saa 3, maji yakielekea kuisha: boti iko chini, gati liko juu. Daraja la mita 6 ambalo ncha zake zinapishana kwa mita 1 lina mwinamo wa 1 kwa 6, na msukumaji mmoja mwenye nguvu anaumudu. Zikipishana kwa mita 2 ni 1 kwa 3. Hapo hakuna tena kusukuma, ni kubeba, na wanahitajika watu 3 au 4. Boti ya mchana inayofika karibu saa 8 na nusu hukuta maji yanajaa na daraja limelala vizuri zaidi, kwa tiketi ile ile. Mwenye uhuru wa kuchagua siku achague maji mafu. Asiye na uhuru huo achague saa.

Tiketi ya daraja la juu haimnufaishi kila mtu. Kabla ya kuongeza pesa uliza ukumbi huo uko deki gani, kwa sababu ukiwa deki ya juu utaufikia kwa ngazi ya chuma, nyembamba na kali. Kiti cha kawaida cha deki ya chini, karibu na mlango na kuelekea nyuma ya boti, kinashinda: hakuna ngazi, na mtikisiko wa nyuma ni mdogo kuliko wa mbele. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, jambo hili si la anasa. Safari nzima mtu akae kwenye kiti cha boti, si kwenye kiti mwendo. Kiti mwendo kikunjwe, kifungwe kwa kamba pamoja na mizigo, na mto wake ubaki kwa mwenyewe. Vyoo vya boti vina vizingiti vya chuma na milango myembamba, basi choo cha mwisho kiwe cha nchi kavu kabla ya kuingia foleni.

Wachukuzi wa bandarini wana nguvu na moyo, ila wengi hawajafundishwa kubeba kiti chenye mtu, nao hushika sehemu inayotokeza. Sehemu inayotokeza ndiyo inayochomoka: mikono ya kiti na vikanyagio vya miguu. Waambie kabla hawajagusa. Mmoja nyuma kwenye vishikio vya kusukumia, mmoja mbele akishika bomba la fremu lenyewe, karibu na maungio yake, na vikanyagio vivuliwe kabisa. Kupanda vidato ni kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia, breki zikiwa wazi ili gurudumu libiringike juu ya kila kidato badala ya kuinuliwa uzito mzima. Kushuka, uso wa aliyekaa uelekee chini ya ngazi, kiti kikiinamishwa kwa nyuma, na wa nyuma ashuke taratibu, kidato kimoja kimoja. Malipo yapatanwe kabla, kwa watu wote kwa pamoja na siyo kwa kila mmoja, la sivyo watatu huwa sita. Na kitambulisho kiwe mkononi, kwa sababu nauli ya mkaazi ni ya shilingi na iko chini ya ile ya mgeni.

Kwa jumla boti tunazipa 3 kati ya 5. Siku za maji mafu, 4.

Gesti za Mji Mkongwe tunazipa 1, na tunasema hivyo kwa masikitiko, maana mji wenyewe ni wa kupendeza. Nyumba nyingi za mawe na chokaa zilijengwa duka au stoo ikiwa chini na watu wakilala juu, kwa hiyo chumba cha chini ni nadra. Nje kuna baraza na vidato, mlangoni kuna kizingiti kirefu, ndani kuna ngazi zilizosimama kama ukuta. Mwenye gesti akisema "hapa panafikika" mara nyingi anamaanisha vijana wake watakubeba. Huo ni ukarimu wa kweli, lakini haumsaidii mtu anayetaka kwenda msalani saa 8 usiku bila kuamsha nyumba. Alama ya kiti mwendo kwenye tovuti za kukatia vyumba huwekwa na mwenye nyumba mwenyewe, hakuna aliyekwenda kupima. Njia inayofaa ni ujumbe wa WhatsApp kama huu:

"Assalaam alaykum. Naulizia chumba cha chini, usiku 2, kwa mtu anayetumia kiti mwendo. Naomba picha 4, kila moja futikamba ikiwa imewekwa: upana wa mlango wa chumba, upana wa mlango wa choo, kimo cha kizingiti cha nje, na kimo cha choo kutoka sakafuni hadi pa kukalia. Tafadhali pia picha ya njia kutoka gari linaposimama hadi mlangoni. Ahsante sana."

Anayepiga picha hizo siku hiyo hiyo atakusaidia na mengine. Anayejibu "usijali, hakuna shida" bila picha, mpite. Picha zikija, zisome hivi. Kiti cha mtu mzima kina upana wa nje wa sentimita 60 hadi 68, na vidole vya anayesukuma mwenyewe vinataka nafasi. Mlango wa 80 unatosha, wa 70 unapitika kwa kubanana. Nafasi ipimwe kutoka kwenye fremu hadi kwenye ubao wa mlango ukiwa umefunguliwa, siyo ukuta kwa ukuta, kwa sababu ubao wenyewe na kitasa vinakula sentimita kadhaa. Choo cha kukaa chenye kimo cha 45 hadi 48 kinalingana na kiti. Kikiwa 38, kushuka ni rahisi na kupanda ni kazi. Kizingiti cha sentimita 10 kinataka ubao wa sentimita 120 kwa anayejisukuma mwenyewe, au wa 60 kama kuna msaidizi. Ubao mnene wa seremala wa mtaani unatosha, mradi ncha zake zichongwe na juu upigwe ukanda wa mpira wa tairi kuukuu usiteleze.

Tatizo linaloharibu safari nyingi ni mlango wa choo, ambao hata kwenye nyumba mpya huwa mwembamba kuliko wa chumba. Dawa ya bei nafuu ni kiti cha plastiki kisicho na mikono. Kiweke ndani mara tu baada ya kizingiti, kiti mwendo kisimame nje kikiwa kimefungwa breki, kisha mtu ahamie. Mara nyingi kinachoangusha ni miguu ya plastiki: ikilowa juu ya marumaru inatanuka na kuteleza. Tandika chini yake mkeka wa mpira au taulo nzito iliyolowa na kukamuliwa, na chagua kiti ambacho miguu yake haina ufa. Kigeuze ukitazame kabla ya kukikalia.

Ushauri wetu ni kulala Kiembesamaki, Mazizini au Mbweni, nje ya Mji Mkongwe. Huko nyumba nyingi ni za kisasa, za chini, gari linafika mlangoni, na bei mara nyingi iko chini ya ile ya vichochoroni. Pesa inayobaki itie kwenye gari.

Na kwa gari, ndogo inashinda kubwa. Watu hukimbilia Noah kwa sababu ina nafasi, lakini kiti chake kiko juu na kuhamia kutoka kwenye kiti mwendo ni kupanda. Teksi ya saluni ina kiti kinachokaribiana kimo na kiti mwendo, mtu anateleza tu kwa ubao wa kuhamia, unaolazwa kati ya viti viwili. Kiti kilichokunjwa kinaingia kwenye buti magurudumu yakichomolewa. Noah inawafaa wenye kiti kisichokunjika. Patana bei ya siku nzima, na sema habari ya kiti wakati wa kupatana, siyo dereva akishafika. Bajaji ni nzuri kwa masafa mafupi mjini. Daladala inawezekana kwa mwenye wasaidizi wawili, akipandia kituoni gari linapoanzia ili asiharakishwe. Kiti kikipanda juu ya paa, vishikio vya breki ndivyo vinavyopinda kwanza, basi vitazame kabla gari halijaondoka.

Ndani ya Mji Mkongwe, Forodhani na barabara ya Mizingani panapitika vizuri, na uwanja wa Ngome Kongwe unafaa. Beit el Ajaib (Jumba la Maajabu), ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, litazame kwa nje. Vyumba vya watumwa vya Mkunazini viko chini, kwa ngazi na dari fupi. Vichochoroni adui ni mifereji isiyo na vifuniko: gurudumu dogo la mbele likiingia, mtu anarushwa. Vuka mfereji kwa kuinua mbele, au kinyumenyume.

Ufukweni mambo yanageuka. Asubuhi ile ile ya bamvu inayotesa gatini ndiyo bora kule Paje na Jambiani: karibu saa 4 bahari imekwenda mbali na mchanga wenye unyevu umekaza. Kuna kama saa 2 kabla na 2 baada. Kikwazo ni mchanga mkavu kati ya njia na ule uliokaza. Vipande 2 vya plaiwudi vya sentimita 120 kwa 80, kimoja kikihamishwa mbele ya kingine, vinavusha. Usiingize kiti majini. Jioni suuza fremu na ekseli kwa maji baridi ya bomba, kausha, tia grisi kwenye beringi. Chumvi ikilala usiku mmoja tu, asubuhi gurudumu linalia.

Pemba ni safari nyingine. Ndege ndogo zina ngazi chache lakini nyembamba na mizigo hupimwa kwa kilo, na boti huteremsha Mkoani, ambako bado kuna barabara ya vilima hadi Chake Chake. Usiitie kwenye safari ya siku 3.

Ya kurudi, kama siku ni ya bamvu, tafuta boti inayoondoka Malindi karibu saa 10 jioni, maji yakiwa yamejaa. Ila gatini Dar utafika maji yanapwa na giza linaingia, hivyo mtu wa kukupokea aambiwe mapema asimame ndani, siyo nje ya geti.