Toyota Hilux 2.8: nguvu 204 za kwenye brosha zinapatikana wapi?

Karibuni watazamaji. Leo nimeegesha mbele yenu Toyota Hilux ya dabo kebini yenye injini ya dizeli ya lita 2.8, ile ambayo mafundi wanaijua kwa jina la 1GD, na mkononi nimeshika brosha yake. Pameandikwa hapa nguvu za farasi 204 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm (newton-mita) 500. Tangu injini hii ilipoongezewa nguvu mwaka 2020 kutoka 177, tarakimu hizo mbili ndizo zinazotajwa kwanza kila gari hili linapouzwa. Sisemi kwamba ni za uongo. Ninachotaka tuulizane ni kama mtu aliyepakia mzigo na kushika njia ya mlima atazikuta kweli chini ya mguu wake.

Sogeeni karibu na ukurasa huu, msome maandishi madogo. Nguvu 204, sawa na kilowati 150, hupatikana injini ikizunguka mara 3,400 kwa dakika. Ile Nm 500 hupatikana kati ya mizunguko 1,600 na 2,800. Hivi ni vilele viwili vilivyo mahali tofauti, na dereva hawezi kuvikanyagia vyote kwa wakati mmoja. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha torki kwa mizunguko, kisha gawa kwa 9,549, utapata kilowati. Kwenye mizunguko 1,600, hata torki ikiwa kamili, injini inatoa kilowati 84 tu, ambazo ni nguvu za farasi 114 hivi. Anayeendesha kwa mizunguko ya chini ili kubana mafuta hapaswi kushangaa akiona gari linavuta kama la nguvu ndogo, kwa sababu kwa wakati ule ndivyo lilivyo.

Kuna jambo jingine ambalo linaniudhi zaidi, kwa kuwa linamgusa mnunuzi moja kwa moja. Nm 500 ni za gari lenye gia otomatiki. Lenye gia za mkono lina Nm 420, kuanzia mizunguko 1,400 hadi 3,400, na bado linatangazwa kwa nguvu zilezile 204. Tangazo halidanganyi, maana ukipiga hesabu kwenye mizunguko 3,400 yote mawili yanafika karibu kilowati 150. Lakini shukeni hadi 2,000, mahali ambapo pikapu hufanya kazi muda mwingi: la otomatiki lina kilowati 105 na la gia za mkono lina 88. Tofauti ya kilowati 17 mtu anaihisi mgongoni akiwa amepakia, na pesa ameshalipa.

Tuje kwenye upimaji wenyewe. Kwa kanuni za kimataifa, injini hupimwa ikiwa imefungwa kwenye kitanda cha majaribio, ikashikiliwa kwenye kila hatua ya mizunguko hadi itulie, kisha matokeo yakasahihishwa yalingane na hewa ya nyuzi 25 na mgandamizo wa karibu na ule wa usawa wa bahari. Ule muda wa kusubiri turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ijae baada ya kukanyaga mafuta hauonekani kabisa kwenye mchoro wa nguvu unaochorwa kutokana na vipimo hivyo. Joto la barabarani nalo halimo.

Nililipeleka gari hili kwenye mlima wa Kitonga, Iringa, likiwa na mifuko 16 ya saruji, nikachomeka kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya injini chini ya usukani. Barabara ilipokuwa wazi, lilipanda vizuri sana, nami nilifurahi. Kisha tukanasa nyuma ya semi treila iliyokuwa ikijikokota. Intakula ya Hilux hii, yaani kipozeo cha hewa inayosukumwa na turbo, imekaa juu ya injini, chini ya tundu hili mnaloliona kwenye boneti, na hutegemea upepo unaoingia gari likiwa mwendoni. Upepo ulipokosekana, namba ya joto la hewa inayoingia kwenye injini ilipanda bila kutua, na nilipopata nafasi ya kupita, gari lilijibu kwa uzito ambao halikuwa nao dakika kumi kabla.

Kwa haki, turbo inastahili sifa yake. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo Mbeya au Nairobi tofauti ni kubwa mno. Turbo hufidia upungufu huo kwa kuzunguka kasi zaidi, ila nayo ina ukomo wake, na hewa inayosukumwa kwa nguvu zaidi hutoka ya moto zaidi.

Januari 2024, Toyota wenyewe walitangaza kwamba Toyota Industries, kampuni inayotengeneza injini hii, ilipopima nguvu zake kwa ajili ya kuidhinishwa ilitumia kompyuta zenye programu tofauti na ile iliyomo kwenye magari yanayouzwa, ili matokeo yaonekane laini na yasiyopandapanda. Usafirishaji ulisimamishwa kwa muda. Toyota walisema kwamba injini zilizotoka kiwandani zilihakikiwa tena na zinatimiza viwango, nami sina sababu ya kulipinga hilo. Ila mchoro wa nguvu ndicho kitu kile ninachowahimiza mwombe kabla ya kununua, na ndicho kilicholainishwa.

Kwa mtu wa mizigo, ningechagua la otomatiki bila kusita. Shoruumu moja niliyokwenda niliomba mchoro wa torki wa lile la gia za mkono. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alizunguka ofisi nzima akitafuta, akarudi na brosha hiihii.